Volteji za Nodi na Mwelekeo wa Mkondo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya naulizwa kila muhula na wanafunzi wa umeme ngazi ya stashahada, na mafundi wengi pia huniuliza, hasa walioanza kazi kabla ya kusoma nadharia. Mengi yana mzizi mmoja: mtu anaogopa kuchora mshale wa mkondo kwa kuwa hajui mkondo unaelekea wapi. Hofu hiyo inawaangusha watu wenye uwezo kabisa, ndiyo maana sehemu ya mishale nimeiandika kwa urefu kuliko nyingine.

Kote humu volteji iko kwa V, ukinzani kwa kΩ na mkondo kwa mA. Ukigawanya V kwa kΩ unapata mA moja kwa moja, bila kuhangaika na sifuri.

## Mambo ya mwanzo

Nodi ni nini, na volteji ya nodi ni nini?

Nodi ni sehemu yote ya saketi iliyounganishwa kwa waya mtupu, bila rezista, betri wala kifaa kingine katikati. Volteji ya nodi ni tofauti ya volteji kati ya nodi hiyo na nodi moja tuliyokubaliana kuiita sifuri. Weka waya mweusi wa multimita kwenye sifuri, usiunyanyue tena, halafu gusisha ule mwekundu popote: unachosoma ndicho volteji ya nodi.

Kosa ninaloliona sana ni kuhesabu vitone. Mchoro unaweza kuwa na vitone vinne kwenye mstari wa chini, mwanafunzi akaandika nodi nne. Kama kati ya kitone na kitone kuna waya tu, hiyo ni nodi moja. Chukua kalamu za rangi, paka kila nodi rangi yake, na usivuke kifaa chochote. Rangi ulizotumia ndizo idadi ya nodi.

Kwa nini nitafute volteji kwanza, wakati nimeulizwa mkondo?

Kwa sababu volteji za kutafuta huwa chache. Gustav Kirchhoff alitoa kanuni zake mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi huko Königsberg, na ile ya mikondo inasema jambo moja tu: mkondo unaoingia kwenye nodi ni sawa na unaotoka. Ukiiunganisha na kanuni ya Ohm (mkondo ni tofauti ya volteji gawanya kwa ukinzani), kila mkondo wa rezista unaandikwa kwa volteji za ncha zake mbili. Ukishazipata volteji, kila mkondo ni kutoa mara moja na kugawanya mara moja.

Idadi ya milinganyo ni nodi zote, toa moja (ile ya sifuri), toa vyanzo vya volteji (kama betri). Saketi ya nodi nne yenye betri mbili inakudai mlinganyo mmoja tu.

Sifuri niiweke wapi?

Popote. Majibu ya mikondo hayatabadilika, ila kazi inaweza kuwa nyepesi au nzito. Mimi huchagua nodi iliyounganishwa na vifaa vingi zaidi, hasa ile inayoshika ncha hasi za betri, kwa sababu hapo ncha chanya zinajulikana papo hapo.

Sifuri hii si lazima iwe ethi ya nyumba, ile ya fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini. Redio ya betri ina nodi ya sifuri na haijawahi kugusa ardhi.

Mkondo unatoka chanya kwenda hasi, au elektroni zinatoka hasi kwenda chanya?

Yote mawili ni kweli. Benjamin Franklin ndiye aliyezipa chaji majina ya chanya na hasi, miaka ya 1740, wakati hakuna aliyejua ni nini hasa kinachotembea ndani ya waya. Elektroni ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, na ikaonekana ina chaji hasi. Kufikia hapo vitabu na mita zote zilikuwa zimeshazoea mkondo wa chanya kwenda hasi.

Kwa hesabu zetu haina madhara. Chaji hasi ikienda kushoto ni sawa na chaji chanya ikienda kulia. Shika mkondo wa kawaida, chanya kwenda hasi, na usichanganye na elektroni katikati ya swali.

## Mishale na alama

Nitajuaje mkondo unaelekea wapi kabla sijakokotoa?

Hujui, na huhitaji kujua. Mshale unaouchora ni makubaliano ya upande gani utaitwa chanya. Ni kama kusema "kaskazini ni chanya" kabla ya kuanza safari: ukiishia kusini, umbali utakuja na alama ya kutoa, na bado utakuwa umesema kweli.

Chukua saketi hii, tuiite Saketi ya Kwanza. Betri ya 12 V inaingia nodi A kupitia rezista ya 2 kΩ. Betri ya 6 V nayo imeungwa na nodi A kupitia 4 kΩ. Kutoka A kwenda sifuri kuna 4 kΩ nyingine. Ncha hasi za betri zote ziko kwenye sifuri. Wengi wakiiona wanasema betri zote mbili zinatoa mkondo, wanachora mishale miwili inayoingia A na mmoja unaoshuka. Sawa, tuandike hivyo hivyo, herufi A ikisimama kwa volteji ya nodi A:

(12 − A)/2 + (6 − A)/4 = A/4

Zidisha yote kwa 4: 24 − 2A + 6 − A = A. Hapo 30 = 4A, yaani A ni 7.5 V.

Sasa mikondo. Kutoka betri ya 12 V: (12 − 7.5)/2 = 2.25 mA. Unaoshuka kwenye sifuri: 7.5/4 = 1.875 mA. Na kutoka betri ya 6 V: (6 − 7.5)/4 = −0.375 mA. Betri ya 6 V haitoi, inapokea. Jumlisha: 2.25 imeingia, 1.875 na 0.375 zimetoka. Imefunga.

Nimepata jibu hasi. Nimekosea?

Hapana. Alama ya kutoa inasema mkondo unakwenda kinyume na mshale wako, basi. Usirudi nyuma kugeuza mshale na kuanza upya. Nimeona mtu akipoteza dakika ishirini za mtihani hivyo, na mwishoni akapata namba ile ile. Andika "0.375 mA, kuelekea betri ya 6 V" na uendelee.

Lililo kosa ni kugeuza mshale katikati ya hesabu: unaandika mlinganyo kwa mshale mmoja, halafu unakokotoa mkondo kwa mwingine. Mshale ukishachorwa, ubaki ulivyo hadi mwisho.

Kwenye nodi A nimeandika mkondo unatoka kwenda B. Nikifika nodi B, niandike unaingia au unatoka?

Hili ndilo swali linaloumiza watu kuliko yote, na wanaouliza wana haki. Mwalimu anasema "andika mikondo yote ikitoka kwenye nodi". Kwenye A unaandika (A − B)/R. Kwenye B unaandika (B − A)/R. Mtu anaangalia anaona rezista moja ina mishale miwili inayopingana, na anajiuliza mkondo unawezaje kwenda pande zote mbili.

Mkondo ni mmoja. Umepewa majina mawili. Kama (A − B)/R ni 2 mA, basi (B − A)/R ni −2 mA, na kusema "2 mA inaondoka A" ni sawasawa na kusema "−2 mA inaondoka B". Ukiwa kituo cha basi cha Kibaha na basi linaondoka kwenda Dar es Salaam, aliyeko Dar anasema linakuja. Hakuna mabasi mawili.

Kanuni ya kukariri ni hii: mkondo unaoondoka kwenye nodi uliyosimama ni volteji ya uliposimama, toa volteji ya upande wa pili, gawanya kwa ukinzani. Uliposimama huja kwanza. Ukihamia nodi nyingine, umesimama pengine, na nafasi zinabadilishana zenyewe.

Nitumie mikondo inayotoka au inayoingia?

Yoyote, mradi nodi moja isichanganye bila kujua. Ukigeuza yote kwenye nodi moja, umezidisha mlinganyo kwa −1 tu. Mimi hutumia inayotoka kwa sababu ya kanuni ya "uliposimama huja kwanza", na chanzo cha mkondo (kifaa kinachosukuma mkondo ule ule daima) kinachoingiza nakiweka upande wa pili wa alama ya sawa.

Mkondo wa rezista moja unaweza kugeuka kwa sababu ya kitu kilicho mbali?

Ndiyo, na Saketi ya Pili inaonyesha wazi. Betri ya 12 V inaingia A kupitia 2 kΩ. A ina 6 kΩ kwenda sifuri. Kati ya A na B kuna 3 kΩ. B ina 6 kΩ kwenda sifuri, na chanzo cha mkondo kinachoingiza J mA ndani ya B.

Nodi A: (A − 12)/2 + A/6 + (A − B)/3 = 0, ambayo inakuwa 3A − B = 18.
Nodi B: (B − A)/3 + B/6 = J, ambayo inakuwa 3B − 2A = 6J.

Tukiweka J = 5: A ni 12 V na B ni 18 V. Kwenye ile 3 kΩ zinapita 2 mA kutoka B kwenda A. Na tazama betri: ncha yake iko 12 V na A iko 12 V, kwa hiyo haitoi chochote. Betri imeungwa, ni nzima, na mkondo wake ni sifuri.

Tukiweka J = 1.5: A ni 9 V, B ni 9 V. Ile 3 kΩ haina mkondo kabisa.

Tukigeuza chanzo kivute 2 mA kutoka B, yaani J = −2: A ni 6 V, B ni 0 V. Sasa 2 mA zinapita kutoka A kwenda B.

Rezista ile ile, mahali pale pale, imepitisha mkondo kulia, kushoto, na kutopitisha kabisa. Hakuna jicho, hata la fundi wa miaka thelathini, lingeweza kusema mwelekeo kwa kutazama mchoro bila namba. Milinganyo yetu haikubadilika. Imebadilika J peke yake.

## Betri na vyanzo vingine

Betri inawezaje kupokea mkondo? Si kazi yake kutoa?

Betri hushikilia tofauti ya volteji kati ya ncha zake. Mkondo uende upande gani ni suala la nodi ya jirani iko juu au chini. Mwenye sola nyumbani anaona jambo hili kila siku: mchana chaji kontrola inainua waya wa chanya juu ya volteji ya betri, mkondo unaingia, usiku taa zinavuta, waya unashuka, mkondo unatoka. Waya ni ule ule.

Ndiyo maana pia hatupendi kuunga betri mpya na kuukuu sambamba. Tuseme moja ina 12.8 V na nyingine 12.2 V, kila moja ina ukinzani wa ndani wa 0.05 Ω, na hakuna taa iliyowashwa. Nodi yao ya pamoja inakaa 12.5 V, na mkondo ni 0.3/0.05, yaani ampea 6, zinatoka betri moja kuingia nyingine huku nyumba nzima imelala. Mlinganyo wake ni wa mstari mmoja.

Betri ikiwa katikati ya nodi mbili, na hakuna upande ulio sifuri, nifanyeje?

Hapo huwezi kuandika mkondo wa betri kwa kanuni ya Ohm, kwa sababu betri kamilifu haina ukinzani wa kugawanyia. Suluhisho ni supanodi: zungushia mstari nodi zote mbili pamoja na betri yake, na andika mikondo inayotoka kwenye kifurushi chote. Mkondo wa betri uko ndani, hauhesabiwi. Kisha ongeza mlinganyo wa betri yenyewe.

Mfano: chanzo cha mkondo kinaingiza 5 mA kwenye A. A ina 2 kΩ kwenda sifuri, B ina 3 kΩ kwenda sifuri, na betri ya 5 V iko kati yao, chanya upande wa A. Kifurushi: A/2 + B/3 = 5. Betri: A − B = 5. Majibu: B ni 3 V, A ni 8 V.

Ukitaka mkondo wa betri, rudi nodi A: zimeingia 5, zimeshuka 4, basi 1 mA inapita ndani ya betri kutoka A kwenda B. Inaingia kwenye ncha chanya, kwa hiyo betri hii nayo inachajiwa.

Rezista iliyo mfululizo na chanzo cha mkondo inaingia kwenye mlinganyo?

Hapana. Chanzo cha 5 mA kitatoa 5 mA iwe mbele yake kuna 1 kΩ au 10 kΩ. Rezista hiyo inabadilisha volteji ya chanzo chenyewe, haibadilishi nodi zako. Vivyo hivyo rezista iliyo sambamba moja kwa moja na betri kamilifu: inakula mkondo wa betri, lakini volteji za nodi hazijali. Watunga mitihani wanaipenda sana mitego hii miwili.

Chanzo tegemezi je?

Hiki ni chanzo ambacho kiasi chake kinafuata volteji au mkondo wa mahali pengine kwenye saketi. Njia ni ile ile, na kazi moja zaidi: kiasi kinachokiongoza kiandike kwa volteji za nodi kabla ya kufanya lolote. Hapa mshale uliochorwa kwenye swali si wako, ni wa mtunga swali, na lazima uufuate. Kama chanzo kinategemea mkondo unaochorwa kutoka B kwenda A, andika (B − A)/R, hata kama unahisi unakwenda kinyume.

Programu ya kompyuta inanipa mkondo hasi kwa betri inayotoa. Kwa nini?

SPICE, programu ya kukokotoa saketi iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, huuita mkondo wa chanzo cha volteji chanya pale unapoingia kwenye ncha chanya na kupita ndani kwenda hasi. Programu nyingi zilizotokana nayo zimerithi hilo. Betri inayotoa 2.25 mA itaandikwa −2.25 mA. Ni mshale tu, kama ulivyoelezwa kwenye "Nimepata jibu hasi".

## Mezani, na multimita mkononi

Nimeiunga Saketi ya Kwanza. Hesabu inasema 7.5 V, multimita inasema 7.4 na ushee. Nani mwongo?

Hakuna. Rezista yenye mkanda wa dhahabu inaruhusiwa kupotoka asilimia 5. Betri ya pikipiki iliyojaa haikai 12 V kamili, na betri nne ndogo za 1.5 V zikiwa mpya huzidi 6 V. Pima volteji halisi za betri, pima rezista moja moja kabla ya kuziunga, weka namba hizo kwenye mlinganyo, na utaona pengo linapungua. Rezista ya 4 kΩ hutaipata dukani kirahisi. Unga mbili za 2 kΩ mfululizo.

Tahadhari mbili. Ile betri ya 6 V inachajiwa, na betri kavu za kawaida hazikutengenezwa kuchajiwa. Mkondo wa mfano huu ni mdogo sana, lakini usipunguze rezista wala kuiacha imeungwa. Na betri ya pikipiki ikipigwa shoti inatoa mkondo wa kuyeyusha waya, kwa hiyo weka fyuzi.

Multimita inaonyesha alama ya kutoa. Imeharibika?

La. Waya mwekundu uko kwenye nodi ya chini kuliko ule mweusi. Multimita nayo ina mshale wake, kutoka nyekundu kwenda nyeusi, na inakupa alama kwa kuufuata. Badala ya kubadilisha nyaya haraka haraka, soma alama hiyo: imekwambia bure mkondo wa rezista uliyoigusa unaelekea wapi.

## Mambo ya pembeni

Kwenye umeme wa AC mkondo unageuka kila wakati. Mshale una maana gani?

Kwa 50 Hz mkondo hugeuka mara 100 kwa sekunde, lakini mshale wako haugeuki. Unabaki kuonyesha upande gani ni chanya, na alama inabadilika yenyewe kila nusu ya mzunguko. Ukitumia fezori (namba inayobeba ukubwa wa wimbi na pembe yake), milinganyo ya nodi inabaki ile ile. Ukinzani unapisha impidansi (ukinzani wa AC), na kugeuza mshale ni sawa na kuongeza digrii 180.

Nodi mbili zenye volteji sawa, naweza kukata rezista iliyo kati yake?

Ndiyo, na unaweza pia kuiwekea waya mtupu, hakuna kitakachobadilika. Jaribu kwa Saketi ya Pili yenye J = 1.5. Daraja la Wheatstone linafanya kazi kwa msingi huu: unarekebisha rezista hadi mita ya katikati isome sifuri. Samuel Hunter Christie ndiye aliyelieleza mwaka 1833, na Charles Wheatstone akalitangaza miaka kumi baadaye.

Kuna njia ya kukagua milinganyo kabla ya kuitatua?

Kama saketi ina rezista na vyanzo huru tu, ipange kwa upitishaji, yaani 1 gawanya kwa ukinzani. Saketi ya Pili inakuwa:

1·A − (1/3)·B = 6
−(1/3)·A + (1/2)·B = J

Namba ya A kwenye mstari wa A ni jumla ya upitishaji wote ulioshika A: 1/2 + 1/6 + 1/3. Lazima iwe chanya. Namba za pembeni lazima ziwe hasi, na zilingane: −1/3 juu, −1/3 chini. Zikitofautiana, ujue kuna mahali umesahau "uliposimama huja kwanza". Kwa chanzo tegemezi ulinganifu huu unaweza kuvunjika bila kosa lolote.

Kompyuta inasema mfumo hauna jibu, na mchoro unaonekana sawa.

Tafuta kipande cha saketi kisicho na njia yoyote ya kufika sifuri. Mfano wa kawaida ni upande wa pili wa transfoma: haujagusana na upande wa kwanza kwa waya, kwa hiyo nodi zake zinaelea. Tofauti kati yake zinajulikana, lakini hakuna kinachosema ziko 5 V au 5000 V juu ya sifuri yako. Unga nodi moja ya upande huo na sifuri. Hakuna mkondo utakaopita kwenye waya huo, kwa sababu hauna pa kurudia.